Mama wa Fiji Alivyopewa Mwanangu

Lepao, sikia yaliyonikuta leo.

Unajua tunavyowapa wageni wa mkutano wa wanawake bilum, ile mifuko yetu ya kusuka, zikiwa zimejaa viazi vitamu. Tulizitundika ukutani kanisani. Na mimi nikamtundika mtoto hapo hapo, kwenye bilum yake ya kulalia, maana alikuwa amelala.

Mama Kopame, mwenyekiti wetu, akaichukua ile ile. Ile ya mtoto, Lepao. Akasema, "Hii nzito, huyu kajaza kweli." Akamvisha Mama Litiana, mgeni kutoka Fiji. Wanawake wa nchi zote wakapiga makofi.

Viazi vikalia.

Mama Litiana akachungulia ndani. "Wabatisti wa huku mna ukarimu jamani. Kwetu zawadi hairudishwi."

Kanisa zima likacheka. Yeye huyoo, anarudi kukaa na mwanangu.

Unanijua. Tangu Jumatatu nakataa kuomba mbele ya watu. Nikajikuta nimeshika maikrofoni. "Mama, huyo ni wangu. Viazi nakuletea."

Nimeshika maikrofoni, Lepao. Mimi.

Akanirudishia huku anacheka. Nikadhani yameisha.

Mama Kopame akaninong'oneza, "Kumbe sauti unayo, binti. Kesho sala ya kufungua ni yako."

Kesho njoo unishikie mtoto. Usimtundike.