Masale ya Mpakani

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia ulipopenda.

Nakuandikia nikiwa katika jiko la marehemu Mama, nyuma ya nyumba kubwa, hapa uliponiruhusu nikae niliporudi Kirua baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nyumba kubwa imefungwa na funguo anazo mdogo wangu Eliamani. Kahawa haijapogolewa. Ng'ombe bado anageuza shingo kila mlango ukilia, anadhani ni wewe.

Nayafikiria masomo yako. Shuleni ulifundisha watoto wa watu kwa chaki, sisi ulitufundisha hoja mezani, na mifano tulikuwa sisi wenyewe. "Wenye akili wote huuliza maswali. Aichi analia. Maliza, Aichi." Nami, wa darasa la nne, ndizi imenikwama kooni, nikamaliza: basi Aichi hana akili. Ulicheka mpaka ukaweka kijiko chini. Kisha ukasema hoja haijasimama, kwamba mtu anaweza kulia na kuuliza pia, na mjinga ni yule anayekubali kutukanwa kwa hoja mbovu. Ndivyo nilivyojifunza: natukanwa kwanza, naelezwa baadaye. Nilijifunza vizuri, na nilikuchukia.

Na zile hadithi zako. Ile ya ng'ombe wa zizini aliyeletewa majani kila siku mpaka akaamini majani hutembea yenyewe. Ulituuliza ng'ombe huyo ni nani. Eliamani akasema ni mtu mvivu, ukamwongezea nyama. Mimi nilimtazama Mama, ndiyo kwanza ametua mzigo wa majani aliyoyabeba kichwani kutoka tambarare, nikasema ng'ombe ni wewe, Baba. Kofi lile nalisikia mpaka leo. Ulisema hadithi ni za kujifunzia tabia, si za kumpimia baba. Mama aliniongezea maziwa kwenye chai.

Halafu ile siku uliyotuita kitandani, ukoo wote umejaa chumbani. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wako. Ukasema, "Kihamba hiki, shamba la ukoo, ni cha watoto wangu. Aichi ameolewa. Malizeni." Baba mdogo akamaliza: basi Aichi hana fungu katika migomba na kahawa ya hapa. Vichwa vyote vikaitikia. Mimi nilikutazama mdomo. Nilingoja ucheke. Nilingoja useme hoja haijasimama, kwamba mtu anaweza kuolewa na akabaki mtoto, tena ndoa yenyewe haipo. Uliishi siku kadhaa baada ya hapo, Baba, na sauti ulikuwa nayo. Uliomba chai. Uliomba mto uinuliwe. Uliuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Mimi ndiye niliyekuogesha, na kila nilipokukausha mgongo nilikupa nafasi ya kusema. Hukusema.

Tukakuzika kwenye migomba, upande wa juu. Matanga yalipoisha, Eliamani alipanda kutoka korongoni na mzigo wa miche ya masale begani. Unajua kwetu anayekuletea jani la sale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia hata kama amekuulia ng'ombe. Nikajenga hoja harakaharaka: anayeomba msamaha huleta sale, Eliamani ameleta sale, basi. Moyo ukalainika wote. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaenda kumpokea, nikamwambia, "Nimekusamehe, mdogo wangu. Yaishe."

Alinitazama kama mtu aliyepigiwa simu kwa kukosea namba. "Dada, umenisamehe nini? Nipe jembe."

Alikuwa anapanda mpaka. Mmea ni uleule, wa msamaha na wa mipaka ya mashamba. Alichimba kuanzia chooni mpaka kwenye mfereji, akanibakizia jiko na kijia cha kutokea barabarani, na jembe nilimpa mimi mwenyewe. Ungekuwepo ungecheka sana. Anayeomba msamaha huleta sale, ndiyo, lakini si kila aletaye sale anaomba msamaha. Kosa la mtoto anayeanza, na nimelifanya nikiwa na mvi. Sikukosea kwa ujinga. Nilitamani mno kuombwa msamaha na mtu yeyote wa nyumba hii.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nitakwenda, na sitalia. Nitawauliza tu: mtoto wa kike anaacha kuwa mtoto siku gani, ya mahari au ya harusi? Na akiachika, anakuwa mtoto wa nani? Wakinijibu kwa kunyamaza, nitakwenda baraza la kata. Ulininoa mwenyewe, usilalamike. Nina hasira na wewe, Baba, na bado asubuhi nachemsha chai ya watu wawili, na hilo linaniuma kuliko shamba.

Sasa kaburi lako. Liko upande wa Eliamani, naye amerudi Dar na panga hajui linashikwaje. Kaburi la baba hupaliliwa na watoto, na wewe ulikwishasema watoto ni nani. Nakuahidi hili: mpaka siku nitakapohesabiwa, sitavuka yale masale kwenda kung'oa hata jani moja. Masika imeanza, na magugu ya Kirua unayajua. Yatalifunika jina lako kabla kahawa haijaiva, nami nitakuwa mlangoni pa jiko, natazama.

Kwaheri, Baba.

Bado ni mwanao,
Aichi