Tunakwenda Kukamua Ng'ombe

Jumapili, 2 Juni
Imepita! Tunasafiri nje ya nchi, mimi na Mheshimiwa. (Hakuna aliyempigia kura. Ni mume wangu, anauza vigae. Ila humu ndani ndiye anayefungua vikao na kuvifunga.) Kikao cha leo kilikuwa kitandani, simu katikati yetu. Picha: vilima vya kijani, kijito, nyumba ya udongo yenye dirisha moja, ng'ombe anatutazama kama anatujua. Umeme hakuna. Maji mgeni anateka mwenyewe. Alfajiri anaamshwa na jogoo, kisha anafundishwa kukamua. Hapo Mheshimiwa alisoma mara mbili, sauti imemlegea. Anasema mwili wake unadai utulivu. Wangu nao unadai — tunaishi juu ya karakana ya milango ya chuma.

Jumanne, 4 Juni
Amri imetoka: safari haitangazwi. Watu wana macho! Jirani yake dukani alitangaza ya kwake, akanyimwa viza, na gari likagonga mti. (Aliligonga mwenyewe, akijibu ujumbe.) Sasa tukiulizwa tunakwenda wapi? Mheshimiwa akawaza, akapata. Tuseme tunakwenda kwa mama yako. Nani atatuonea wivu?
Nikacheka sana. Nilipomaliza kucheka ikaniuma. Hatujakanyaga kwa mama tangu kitinda mimba wetu aanze kutembea, na sasa ananyoa ndevu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeomba likizo. Bosi wetu pale duka la miwani ndiye daktari wa macho, mtu mkavu. Nikamwambia nakwenda kijijini kumwona mama. Akaguswa! Akasaini papo hapo. Anasema watoto wanaokumbuka wazazi siku hizi wa kutafuta kwa tochi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kumbe nyuma ya pazia la chumba cha kupimia kuna Redio, dada wa mapokezi, anafuta vioo. Nyumba ya kwao na ya mama zinatazamana. Nilimsahau kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Mama amepiga kabla sijapiga mswaki. Salamu hakuna, ni vigelegele tu, peke yake kwenye simu! Kweli unakuja, mwanangu, tarehe ishirini na mbili? Na mkwe? Nikafungua mdomo niseme hapana, ikatoka ndiyo mama. Akaongeza: basi na ile miwani yangu usiisahau.
Miwani! Nilimtengenezea mwenyewe, nzuri, ya kusomea. Iko kwenye droo yangu kazini, inasubiri mtu wa kuipeleka. Imesubiri mpaka kipochi kimepauka.
Mheshimiwa anasema nitulie. Siku ikikaribia tutasema tumepata dharura. Mama yako ni mwelewa, anasema. Ni kweli ni mwelewa. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Jumatano, 12 Juni
Viza zimetoka. Mheshimiwa kanunua mabuti ya mpira na kofia pana ya majani makavu. Anatembea nayo sebuleni polepole, anazoea tope — juu ya vigae! Jioni anatazama video za kukamua, vidole viko hewani vinavuta.
Mama kapiga tena. Ameingiza umeme. Eti mkwe asije akakaa gizani kama mara ile. Nikamwambia mama, usijisumbue. Akasema kujisumbua kwa ajili yangu ndiyo raha yake. Nikaenda kukunja nguo. Nikakuta zimekunjwa, nikazikunjua nianze upya.

Jumamosi, 15 Juni
Leo nilidhamiria kumwambia. Nikajifungia bafuni, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikapiga. Nilianza vizuri kabisa: mama, kuhusu hii safari... Akanikatiza. Ana jambo, nisimkasirikie. Ameuza ng'ombe.
Yule mwenye doa jeupe usoni. Wa mwisho. Kwa sababu mara ile Mheshimiwa alilalamika kwamba nzi wa zizini wanamtoa roho, hali wala halali. Mama kabomoa zizi, kamwaga saruji hapo. Sasa mkwe hatakuwa na kisingizio, akasema, akacheka. Maziwa tutanunua ya pakiti.
Nikamwambia asante mama. Asante! Nimelia na bomba nimelifungulia.
Nilipotoka nikamweleza Mheshimiwa. Alikuwa na kofia kichwani. Akaangalia chini, nikadhani limemgusa. Akauliza: kwani alikuwa anatoa maziwa mengi?

Alhamisi, 20 Juni
Tumegombana, mpaka mafundi wa karakana wakazima mashine wasikilize. Nasema tuahirishe. Anasema haiwezekani, nafasi ikipotea haipatikani tena. Basi mwambie mama wewe! Akakubali. Haraka mno, hata nikashangaa. Akatoka kibarazani na simu, akarudi anapangusa mikono kama aliyemaliza kazi. Tayari, anasema, mama amearifiwa.
Nimeshusha pumzi. Naona aibu jinsi nilivyoshusha pumzi.

Jumamosi, 22 Juni
Uwanja wa ndege. Naandika nimesimama, daftari juu ya sutikesi. Mheshimiwa kavaa mabuti yasijaze mizigo. Watu wanampisha.
Mama alipiga sasa hivi. Nikapokea kwa furaha, nikijua anatuaga — yuko njia panda ya kijijini! Amefika tangu asubuhi, na mkokoteni wa kubebea mizigo yetu. Majirani wako naye, nawasikia. Anauliza tumefika wapi.
Nikamgeukia Mheshimiwa: si ulisema umemwambia? Ameinua mabega. Alimtumia ujumbe. Na mama anauona huo ujumbe, ananiambia, mkwe kaandika mrefu, ana adabu yule kijana! Ila herufi zinamkimbia, na mambo ya mkwe hawezi kumpa jirani asome. Nitamsomea mwenyewe nikifika na miwani.
Miwani iko kwenye droo.
Nikasema nakupigia, mama. Nikakata. Simkati mama simu mimi. Leo nimemkata.
Foleni imesogea. Ofisa anamuuliza Mheshimiwa anakwenda kufanya nini huko. Kajibu kifua mbele: kukamua ng'ombe. Ofisa kacheka mpaka wa dirisha la pili kageuka kutazama. Kapiga muhuri. Mheshimiwa yuko ng'ambo ya mstari, ananipungia kofia, njoo, njoo.
Simu inaita tena. Imeandika Mama.
Zamu yangu. Ofisa ananyoosha mkono anataka pasipoti, nami bado naandika. Anasema mama, weka daftari kwanza, unakwenda wapi?