Msikilizaji Aliyekataa Kurushwa Hewani

Nyumba ile ile,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za nyumbani, tena za moto. Hujambo? Watoto wanaendeleaje? Na hilo goti lako linalokusumbua kila baridi ikiingia? Umeliimba kwenye wimbo wa pili wa albamu yako mpya, kwa hiyo sasa kila mtu analijua na mimi nina ruhusa ya kuliulizia.

Sisi huku miili ni mizima. Presha ya Mama imetulia, Kaka bado anahangaika na nyaya za umeme za watu, na mimi sauti ilinikauka wiki iliyopita kwa kupokea simu za mashabiki wako. Kwa uzima huo tunashukuru. Mengine ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike, maana kwenye simu nikitaja neno Baba tu, mtandao wako unaharibika ghafla. Barua huwezi kuikatia laini. Hata ukiitupa utaiokota tena, nakujua.

Nianze na ulichoniomba. Ulitaka nikukusanyie maoni ya wasikilizaji wa kawaida kuhusu albamu, siyo ya wale waandishi wanaokusifia wakitaka mahojiano. Basi umepata mtu sahihi. Kazi yangu kwenye kituo cha redio ni kukaa nje ya kioo cha studio, kupokea simu, kumuuliza mtu ana maoni gani, halafu kumpitisha kwa mtangazaji au kumwambia kwa upole kwamba muda umetubana. Wewe umenimalizia upole wote.

Vijana wanalalamika kwamba hawachezi. Mmoja alisema mlipokuwa watatu kwenye kundi alikuwa anatokwa na jasho, sasa uko peke yako na yeye anatokwa na machozi, na hakulipia machozi. Mwanamume mmoja aliona si vizuri mama wa watoto kuimba mambo ya chumbani, lakini nilipomuuliza ni wimbo gani akanitajia mistari yote, bila kuruka hata neno. Wanawake wa rika lako ndio wamekupokea kwa mikono miwili. Muuguzi mmoja alisema anausikiliza ule wimbo wa talaka akipiga pasi sare yake, na siku hizi sare haina mkunjo hata mmoja. Mwingine ulimpa ujasiri akampigia mume wake wa zamani wayamalize. Mume akamuuliza tu ile pasi yao iko wapi. Nilicheka mpaka mtangazaji akanikazia macho.

Kwa jumla wanasema umekua. Sauti imeshuka, imetulia, huimbi tena kama mtu anayefukuzwa. Hata mimi nasema hivyo, na unajua sina mazoea ya kukusifia.

Sasa wimbo wa tano.

Huo ndio unaoombwa kuliko yote, na ndio mzuri kuliko yote, sikufichi. Lakini wewe uliuimba ukiwa mbali, sisi tunauishi hapa. Hukumtaja mtu kwa jina, ni kweli, ila mji huu nani asiyejua wewe ni binti wa nani? Kila mtu anajua ni nani aliyekufungia geti ukiwa umeshika begi, kisa muziki, na sasa kila mtu anajua kwamba katika miaka yote hiyo hakuja hata mara moja kukusikiliza ukiimba. Kiitikio chenyewe ndicho kinasema hivyo, na watoto wa shule wanakiimba wakipita mbele ya mashine ya Baba.

Wanawake waliokuwa wanapanga foleni kwa Baba tangu tukiwa wadogo, sasa wanabeba nafaka zao hadi mashine ya upande wa pili wa soko. Wachache wanaokuja hawamsalimii. Wanaweka ndoo, wanasagiwa, wanaondoka. Yeye anasaga tu. Bango la tamasha unalokuja kufanya hapa limebandikwa kwenye ukuta unaotazamana naye, kwa hiyo kila akiinua kichwa anakutana na uso wako, mkubwa kuliko mlango. Kinyozi wa jirani alijitolea kulibandua, Baba akamwambia aliache.

Mama anasikiliza albamu nzima, ukifika wimbo wa tano anatoka kwenda kuangalia nguo kwenye kamba, hata siku ambazo hatujafua. Ananiuliza mimi kama huwezi kuuruka siku ya tamasha. Nikimwambia akuulize mwenyewe anasema nikuulize mimi. Ndivyo tulivyo, Dada, hujasahau. Nyumba hii jambo haliendi kwa mwenye jambo. Baba akitaka chumvi anamwambia Mama aniambie mimi, na wote watatu tuko meza moja.

Nilikukasirikia sana, na bado sijamaliza. Yeye pia nilimkasirikia, maana geti lile nililiona likifungwa, nilikuwa dirishani. Nilijikuta katikati yenu bila kujua nimshike nani mkono. Usingizi ulinipaa.

Jumamosi iliyopita mtangazaji wetu aliamua kipindi kizima kiwe cha wimbo huo. Akauliza hewani, kama wewe ndiye baba huyo, ungesema nini? Simu zikawaka. Nilipokea matusi ambayo siwezi kuyaandika, na kazi yangu ni kuyapitisha. Mmoja alisema baba wa namna hiyo azeeke bila mtu wa kumpa maji. Nilibonyeza kitufe akaingia hewani, huku najua kwamba nyumbani redio imewashwa.

Kisha ikaingia simu yenye ngurumo nyuma yake. Mtu anapiga kelele kama wanavyofanya watu waliozoea kuongea juu ya injini. Nilimjua kabla hajamaliza kusema haloo. 

“Mimi ni msikilizaji,” akasema.

Unadhani nilimwambia nini? Kwamba nimekujua, Baba? Sikuthubutu. Nikasema, “Karibu sana msikilizaji. Una maoni gani?”

“Usinipeleke hewani. Nataka kukwambia wewe, halafu wewe umfikishie huyo mwimbaji.”

“Sawa, msikilizaji. Nakusikiliza.”

Nikasikia anaizima mashine. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akiizima mchana. Sauti yake ikabaki kubwa vile vile, ila sasa haikuwa na kitu cha kushindana nacho.

“Ule ubeti wa kwanza, wa geti, ni kweli tupu,” akasema. “Mwambie asiubadilishe hata neno moja. Huyo baba alikosea, na anajua. Lakini kiitikio si kweli. Huyo baba alikwenda.”

Nikamuuliza alikwenda wapi. Akasema kwenye ukumbi wa zamani wa sinema, onyesho la kwanza kabisa la kundi lenu. Alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hatakanyaga huko. Jioni ikafika, akafunga mashine, akaenda na nguo zake za kazi, maana angerudi kubadilisha Mama angemuuliza anakwenda wapi. Unga ulikuwa mpaka kwenye nyusi. Alipowaona watu walivyopendeza mlango wa mbele, aibu ikamvaa, akazunguka mlango wa pembeni, kule kwenye jenereta.

“Mwimbaji akatoka nje kwa mlango huo kabla hajapanda jukwaani,” akasema. “Akatapika pale ukutani. Akasukutua kwa maji ya kopo la rangi. Akainua gauni la juu asilichafue, akajifuta mdomo kwa gauni la ndani, la pinki. Halafu akasimama, mkono ukutani, anahema. Huyo baba alikuwa karibu hapo, nyuma ya mapipa. Alitaka kumshika mgongo kama alivyokuwa anamshika akiwa mdogo akiumwa tumbo. Akaangalia mikono yake ilivyo nyeupe, na lile gauni jeusi. Akaogopa kumharibia siku.”

Nikajiziba mdomo kwa kiganja, Dada, neno Baba lisinitoke. Mimi niliyezaliwa na mdomo.

“Akamsikiliza mpaka wimbo wa mwisho, hapo hapo mlangoni. Ndiyo hayo maoni yangu. Asante kwa kipindi.” Akakata.

Mtangazaji akaniuliza kwa ishara huyo alikuwa nani, mbona nimemshikilia muda wote huo. Nikamwambia mtu alikosea namba. Kisha nikaenda chooni nikalia, na sikuosha hata uso.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa nje anakaza mkanda wa mashine. Akaniuliza kama nimefunga geti. Nikasema nimefunga. Tukaingia, tukala, hakuna aliyetaja redio.

Dada, sikuombi ufute wimbo, na sikuombi umsamehe. Hayo ni yako na geti. Mama nitamwambia mwenyewe kwamba sikukuuliza. Nina jambo moja tu la kukuuliza. Wewe hujawahi kuniambia kwamba kabla ya onyesho la kwanza ulitoka nje ukatapika. Mama hajui, nimempeleleza. Kaka naye hajui. Kama haikutokea, basi mzee amejitungia ili apate amani, nami nitanyamaza, imba ulivyoandika. Lakini kama ilitokea, na kama gauni la ndani lilikuwa la pinki, basi unajua alikuwa amesimama wapi. Sasa kile kiitikio utakiimba vipi ukiwa na macho makavu?

Wasalimie watoto, mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie mama mdogo wa redioni anambusu. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Kaka anakusalimu, anasema ukija usilale hotelini, amekufungia taa mpya chumbani kwako. Shangazi wa sokoni anakusalimu, yeye albamu ameinunua na bado anakusema.

Mungu akulinde njiani na jukwaani, na akupe moyo mwepesi.

Baba hakunipa salamu zozote za kukuletea. Zake nimeshazifikisha.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Kidomodomo