Sahani ya Kijani Inajaa Bila Wewe

Chumba cha nyuma, juu ya duka la miwani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu za mama, za shemeji yako na zangu mimi dada yako. U hali gani? Unakula? Unalala? Kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya ghala kimekwisha, au nacho kinasema "najitahidi" kama wewe? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo nitalifikia.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, mdogo wangu, siiamini. Kila nikikuuliza jambo la maana mtandao unasumbua; tukizungumza habari za mpira mtandao unatulia kama maji mtungini. Tena mama huwa ameketi pembeni anasikiliza. Barua haikatiki. Aliyekuletea ni yule rafiki yangu muuguzi aliyekuja huko kwa mafunzo, na nimemwambia akukabidhi mkononi, kisha asiondoke mpaka uimalize. Kwa hiyo kaa vizuri, anakutazama.

Kazini hatujambo. Dobi ni dobi: mvuke, pasi, na wateja wanaoapa kwamba doa hilo hawakuja nalo. Unajua kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kupekua mifuko kabla nguo hazijaingia mashineni. Nimetoa kalamu, nimetoa meno ya bandia, nimetoa hata ufunguo wa nyumba ambayo mwenye suruali alimwapia mkewe kwamba haijui. Shemeji yako anasema kazi hii imeniharibu, kwamba siku hizi hata nikisalimiwa nauliza kwa nini. Labda. Lakini mfuko wako nao nimeupekua, na nilichokikuta ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka ulipojiandikisha kusoma kwa mtandao mama alikataa katakata kuamini. "Chuo gani hakina geti?" Ukanipa neno lako la siri ili kila Ijumaa nimfungulie ukurasa wako, aone kwa macho yake lile duara la kijani linalojaa kadiri unavyosoma. Mama haliiti duara, analiita sahani. Ijumaa nikirudi kazini, hata viatu sijavua, ananiuliza, "Haya, sahani ya mwanangu imefika wapi?"

Baadaye kuiona sahani tu kukawa hakumtoshi. Akataka kumsikia mwalimu wako. Basi nikawa namfungulia somo linalofuata, yule bwana mwenye sauti nzito anayefundisha usimamizi wa biashara, na mama anamsikiliza huku anakunja nguo. Haelewi nusu yake, lakini anaitikia, "Naam, naam." Nikitaka kuzima nikapike, ananishika mkono: "We, mtu mzima hakatizwi akizungumza. Mwache amalize." Ndivyo alivyotulea. Kwa hiyo tunamngoja bwana wa watu mpaka aage, na mama anamjibu, "Haya mwalimu, ahsante, usalimie nyumbani."

Sahani ikawa inapanda. Ikapita sabini kwa mia, ikapita themanini. Mama akawa anajisifu kwa majirani, nami machale yakaanza kunicheza. Mtu anayefanya zamu mbili, anayesinzia amesimama, wakati wa kusoma hivi anaupata wapi? Nikakutega. Nilikuuliza kwenye simu kama mwalimu wako wa usimamizi anaeleweka. Ukasema anaeleweka sana, ni mama mmoja mpole.

Hapo nikaamini umetafuta mtu wa kukusomea. Nikamshuku yule unayekaa naye chumba kimoja. Nikamshuku hata shemeji yako, maana ana tabia ya kushikashika simu yangu, nikabadilisha namba ya kuifungulia bila kumwambia, akanuna. Sijamwomba radhi mpaka leo. Ataombwa yakiisha.

Kisha Ijumaa moja goti la mama likavimba, akaenda kulala mapema, hatukufungua kitu. Ijumaa iliyofuata nikatazama kwanza kabla ya kugusa chochote. Sahani ilikuwa palepale tulipoiacha. Nikafungua somo. Bwana akazungumza, akaaga, mama akamwitikia. Alama ya kijani ikatokea pembeni ya somo, na sahani ikapanda mbele ya macho yangu.

Mdogo wangu, sahani ile inahesabu masomo yaliyosikilizwa mpaka mwisho, haina habari nani amesikiliza. Muda wote huu anayesoma shahada yako ni mama, na kikapu cha nguo mapajani.

Alipokwenda kuoga nikaingia kwenye ukurasa wa kazi za kuandika, ambao hatukuwahi kuufungua kwa kuwa hauna sauti. Ya mwisho uliyoituma ni ya Juni mwaka jana. Baada ya hapo ni wekundu mtupu wa kazi ambazo hazikutumwa, mpaka chini.

Na bado juzi mama alipokupongeza kwa kufika themanini na tisa, ulisema, "Namshukuru Mungu, mama." Hapo ndipo uliponiuma. Ulijua hujasoma, na hukuuliza hata nani anayekusogeza.

Pengine kazi imekuelemea. Pengine unaumwa na unaficha, au kuna jambo lililokupata huko ambalo hutaki tulijue. Nawaza yote, na kila moja linanitisha kwa namna yake. Kuacha chuo si dhambi. Hapa hakuna atakayekufungia mlango, na mimi ningekuelewa Juni ileile kama ungesema. Lakini mficha uchi hazai, na sasa uongo huu umemfikia mama mwilini.

Daktari amesema goti lipasuliwe sasa. Likingoja zaidi, hatatembea tena bila kushikwa. Mama amekataa. Anasema haingii chumba cha upasuaji mpaka sahani ijae; Mungu akiamua kumchukua humo, amchukue akijua mwanawe amemaliza. Tumembembeleza, daktari amembembeleza, wapi. Siku hizi ngazi zetu anazishuka kwa makalio, moja baada ya moja, huku anacheka na kusema ni mazoezi. Mimi sicheki.

Sijamwambia, maana habari hii si yangu. Piga simu Ijumaa jioni, kabla hatujafungua ukurasa, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Atalia, atakugombeza, kisha atakwenda kwa daktari kwa sababu hatakuwa tena na kitu cha kungojea.

Shemeji yako anakusalimu sana, bado amenuna lakini anakusalimu. Mama anasema uvae soksi nzito na usimjibu mkubwa wako wa kazi. Rafiki yangu muuguzi mpe maji anywe, ametoka mbali. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe nguvu ya kusema sentensi moja.

Usipopiga, nitayafungua masomo yote yaliyobaki mfululizo. Mama atayasikiliza hadi la mwisho, sahani itajaa, naye atakwenda kupasuliwa akiwa na furaha ambayo ndani yake hamna kitu. Akizinduka, akiuliza lini atakuona umevaa joho, nitakupigia simu na kuiweka sikioni mwake, nami nitatoka nje.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda sana na nisiyekuamini hata kidogo,

Dada Mkubwa