Mingazi ya Mama na Nyumba ya Milango Mine

Kabambare, wakati wa mvua kubwa

Kwako Donasiani, mudogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakusalimia wewe na muke wako na watoto wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi niko. Goti la kushoto limevimba tena, lakini kinywa changu iko kizima, na wewe njo utakayekisikia leo. Na wewe je, kile kifua chako? Uko unakunywa ile dawa ya majani niliyokutumia, ao umeitupa kwa sababu muke wako anasema inanuka? Kunywa. Harufu haijaua mutu.

Sasa nimesikia habari, na sikuisikia kwako. Niliisikia kwa Sumaili, yule baba wa moto anayetuletea chumvi na sabuni kwa pikipiki yake toka Kasongo. Alisimama kwangu kuomba maji. Alikunywa, akapanguza mudomo, akasema:

"Mama Feza, pongezi. Mudogo wako anakuwa patroni."

"Patroni wa nini?"

"Wa nyumba. Nyumba ya milango mine, kila mulango na mupangaji wake, pale Kasongo karibu na soko. Anauza mingazi yenu, ile miti ya mawese ya njia ya Nyangwe, ananunua nyumba ya kupangisha watu."

Nikamuambia arudishe maji yangu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Donasiani, mutu wa moto anajua mambo ya mingazi ya mama yetu mbele yangu mimi? Hata katekista wenu alikuwa anajua, Sumaili ameniambia. Uliomba sala kwa ajili ya ile nyumba, kanisa lote likajibu amina, na dada yako huku anasonga unga, anauza bukari, hajui kitu.

Njo maana siku ile nilipanda juu ya kilima, mahali rezo ya telefone inakamata, na goti hili, nikakupigia. Unakumbuka ulivyonijibu, ao nikukumbushe?

"Dada, ile mambo imeisha."

"Imeisha namna gani?"

"Munuzi ameshatia alama kwa miti. Ameshatoa pesa ya mbele."

"Na mimi?"

"Wewe uko mbali, dada."

"Kuwa mbali si kufa."

"Hakuna aliyesema umekufa. Mingazi imezeeka. Nyumba haizeeki. Mwezi ukiisha, mupangaji analeta. Hata ukilala mugonjwa, analeta."

Kisha rezo ikakatika. Ao ulikata. Sitauliza.

Sasa naandika. Barua hii itafika wakati mambo imeshaisha kweli, najua. Njia mvua imeikula, magogo ya daraja yamebebwa na maji, na kuna siku wale watu wa bunduki wa ndani ya pori wanafanya wenye moto wote warudi nyuma. Lakini ikifika utaisoma, na hutanikatia kati kati ya neno.

Umesema nyumba haizeeki. Wewe unamuambia nani? Wewe nyumba ya kupangisha uko nayo kwa kichwa, mimi niko nayo hapa, naiona nikifungua dirisha. Unajua nilivyofika huku: nilimufuata marehemu muume wangu kwa biashara ya chumvi. Yeye akafa, mimi nikabaki na masufuria. Nilipikia wachimbaji wa zahabu bukari na sombe ya majani ya muhogo miaka yote ile, moshi ukakula macho yangu, na faida yote nikaitia kwa nyumba ya milango mbili pembeni ya hii ninayolala. Matofali ya kuchoma. Juu manjanja mapya ya bati, si majani. Siku fundi aliposhuka toka kwa paa, nilitembea kati kati ya Kabambare kama muke wa administrateri. Nilisema kama unavyosema wewe: sasa miguu itapumuzika, pesa itakuja yenyewe, mimi nimekaa kwa kiti.

Wapangaji wa kwanza walikuwa wachimbaji, vijana wa upande wa Kivu. Walilipa mbele, bila kelele, mpaka nikawasifu kwa wamama wa kanisa. Kisha wakasikia zahabu imetoka mahali pengine. Asubuhi nikakuta hawako. Sawa, mutu ana haki ya kuhama. Lakini walihama na mulango, Donasiani. Ule wa mbao nyekundu. Waliung'oa na vyuma vyake, wakaufunga juu ya moto kama muzigo, wakaenda nao. Huko walikokwenda hakukuwa na mulango, wakaona huu wangu utawafaa.

Nikasema, wachimbaji hapana tena, nitafute mutu wa heshima. Akakuja mwalimu Zakaria na muke wake mwenye mimba. Shati imepigwa pasi, Kifaransa kinatiririka kama maji. Alilipa garanti, ile pesa ya kuingilia. Alilipa mwezi wa kwanza, na wa pili kidogo kidogo. Kisha muke wake akazaa. Mimi njo nilipasha maji, mimi njo nilishika mutoto mbele ya baba yake. Mutoto mwanamuke, muzuri, kichwa kama yai. Mwalimu akaingia, akavua kofia, akasema mbele ya majirani wote: "Huyu anaitwa Feza."

Nilifurahi kama mujinga. Nilichinja kuku. Nilimufunga mutoto ndani ya kitenge changu kipya, vile tunavyofanya. Na siku ile kodi yangu ilikufa.

Desturi unaijua, hukuzaliwa Ulaya. Mutoto anayebeba jina lako ni wewe mwenyewe. Baba yake ni baba yako, mama yake ni mama yako. Mwisho wa mwezi nikaenda kupiga hodi kwa mwalimu. Akanifungulia mikono.

"Mwanangu," akasema, "umelala muzuri?"

Mimi, na mvi hizi.

"Nimekuja kwa ile ya nyumba."

"Baba yako hana kitu mwezi huu, mwanangu. Serikali haijalipa. Kaa kwanza, mama yako akupe uji."

"Mwalimu, mimi si mutoto wako. Mimi ni mwenye nyumba."

"Feza," akasema polepole, kama mutu anayebembeleza mutoto, "unataka kumufukuza Feza?"

Majirani walicheka mpaka wakashika tumbo. Na mimi nilikunywa ule uji. Ulikuwa na sukari, siwezi kusema hapana.

Nilienda kwa shefu wa mutaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mama, ulishaona wapi mutu anajifukuza mwenyewe?" Nikaona nimekosea mahali pa kwenda. Shefu naye iko na nyumba ya kupangisha, na ndani yake wapangaji wote wamezaa watoto wenye jina lake.

Mulango wa pili iko na mama mushonaji. Huyu analipa, Mungu amubariki, lakini analipa akikata. Manjanja yametoboka, amenunua misumari, anakata. Choo kimejaa, anakata. Ukuta wa nyuma ulianguka na mvua, akaweka turubai, akakata turubai, akakata na kamba. Mwezi uliopita alifanya hesabu yake mbele yangu na mwisho nikaambiwa nimushukuru kwa kuwa hanidai.

Na wewe utafanya nini na milango mine, wewe unayelia hata kwa harusi za watu usiowajua? Mbele ya mwaka kuisha, wazazi wane watakuwa wanakuita mwanangu. Utazunguka ndani ya lupango, toka mulango mpaka mulango, ukikunywa uji.

Najua utakayosema: basi dada, wewe unataka tuweke pesa wapi? Nimepima yote. Mbuzi, ulikuwapo mwaka ule ugonjwa ulipopita, tuliwavuta kwa miguu kama magunia. Zahabu nilijaribu, niliweka kidogo ndani ya chupa ya dawa, lakini kila munuzi iko na muzani wake, na ile zahabu kati ya mukono wangu na meza yake ilikuwa inapungua, sijui ilikuwa inatoka jasho. Walikuja tena watu wa kutunza pesa, wakapaka nyumba rangi nzuri, wakatupa vitabu vidogo. Siku moja tukakuta mulinzi peke yake kwa mulango, na yeye pia anatuuliza sisi wakubwa wake wameenda wapi. Likelemba yetu ya wamama inaenda, tunachanga, kila mumoja anakula kwa zamu yake. Lakini likelemba inanunua sufuria. Hainunui uzee.

Na mingazi yenyewe. Sitakuambia uongo kwa sababu nimekasirika. Najua imekuwa mirefu. Najua wakataji wamekimbilia mashimo ya zahabu, na yule mumoja aliyebaki anataka nusu ya mafuta mbele hata ya kupanda. Najua mafuta yanakaa ndani ya bidoni mpaka lori ikumbuke kama Kasongo iko bado. Ungeniuliza mbele ya munuzi kutia alama, ningekutukana kwanza, kisha labda ningekubali. Labda. Hukuniuliza. Hiyo njo inaniuma, na dawa yake haiko hapa wala kwenu.

Lakini mungazi unaweza kuusahau mwaka muzima, ukirudi utakuta ngazi zimeiva juu. Kidogo, zimekuliwa na ndege, lakini utazikuta. Nyumba ukiisahau, utakuta watu.

Nikuambie sasa jambo lenyewe. Sikulisema kwa telefone kwa sababu pale kilimani watu wanasimama kusikiliza. Nataka kurudi nyumbani. Huku nimechoka. Macho yanaona sufuria, hayaoni tena kama kuna jiwe ndani ya muchele, na wateja wameanza kusema. Mvua ikipungua, na njia ikifunguliwa, Sumaili atanifunga nyuma ya moto kama gunia la muhogo na nitafika. Hapa nyumba siwezi kuuza. Nani atanunua nyumba yenye mwalimu ndani? Nitakuja mikono mitupu.

Nilikuwa nategemea mingazi ile. Ile safu ya upande wa kijito, mama alichimba mashimo, mimi nikaleta maji kwa kichwa, wewe ulikuwa unalia kwa sababu ya siafu. Nilikuwa nasema, siku nikifika, hata muke wako akinikunjia uso, nitakaa kwa sahani na kusema mafuta ya ndani ya sombe hii ni yangu pia. Mwanamuke muzee akirudi kwao na mafuta yake, wanamupa kiti. Akirudi bila kitu, wanamuuliza atabaki siku ngapi. Wanamuuliza na heshima, wanamuletea na maji ya kuoga, lakini wanamuuliza. Niliona walivyomufanyia shangazi yetu. Na wewe uliona.

Ndani ya nyumba ya milango mine mimi sina mahali. Kila mulango utakuwa na mwenyewe, na wewe utakuwa unangoja mwisho wa mwezi.

Kukuzuia siwezi. Niko huku, wewe uko kule, alama iko kwa miti, na kwa mambo ya shamba ukoo unasikiliza mwanamume hata kama ni yule aliyekuwa analia siafu. Basi nakuomba, na unajua kama sipendi kuomba: mulango mumoja uuache wazi. Hata ule wa nyuma, kwa upande wa choo. Nilikuwa nataka kufunga barua hapa.

Lakini nakujua. Utauacha wazi mwezi mumoja, labda miwili. Kisha watamurudisha mutoto wako toka masomo kwa sababu hujalipa, na siku hiyo hiyo atatokea mutu na garanti mukononi, na utasema dada bado iko mbali. Sikulaumu. Mutoto akiwa amesimama mbele yako na mufuko wa vitabu, hata mimi ningefungulia yule mutu.

Kwa hiyo usiniwekee. Nipangishe. Uniambie bei ile ile unayomuambia mutu aliyetoka njiani, usinipunguzie hata kidogo, na garanti pia uniambie. Nitauza masufuria makubwa, yale mawili ya chuma, hapa wanayataka. Sumaili ataleta pesa. Nitakuwa mupangaji kwa mudogo wangu, sawa, watu waseme. Mupangaji aliyelipa, hakuna mutu wa kumuonesha njia.

Umusalimie mama mudogo wetu, yule dada ya mama aliyebaki, umushike mukono, usimupigie kelele sikioni, anasikia kuliko anavyojifanya. Umusalimie binamu yetu anayetengeneza kinga, baiskeli za watu, pale sokoni, umuambie ile pompi yake ya upepo bado iko kwangu na siku hizi inamilikiwa na mwalimu. Katekista umusalimie pia, lakini kwa kifupi, yeye na mimi tutaongea. Muke wako umuambie simukasirikii. Simukasirikii sana. Watoto uwambie shangazi yao anauliza kama wanajua kusoma mwandiko mubaya, kwa sababu huu njo masista walinifundisha mbele baba hajanitoa masomoni, na sina mwingine.

Mungu akulinde kifua. Mimi ni dada yako, aliyekubeba mugongoni,

Feza

Bei uniandikie kwa karatasi. Kwa telefone utaona haya kuitaja.