Isome Mbele ya Watu

Ihembe,
8 Machi 1987

Kwa shemeji Nsabimana,

Hamjambo huko Igurwa? Mguu wa mama Immaculata umepona, au bado anachechemea? Sisi wazima, isipokuwa mimi nina ugonjwa wa kushinda na sijapata dawa yake. Dada yako Mukamusoni anakusalimu. Anakukumbusha wewe kama mjomba kwamba wageni wa posa ya binti yetu Deodatha wanakuja Jumamosi. Watoto wanasema shikamoo.

Sasa kaa vizuri. Nimeanzia shimo la pili kutoka kushoto, mstari wa mbele, nimezunguka, nimekula lile shimo lako nene na kutulia pembeni. Cheza hivyo hivyo kwenye ubao wako, upande wangu na upande wako, ndipo ufikirie kujibu. Usiguse kingine, maana mbao zikitofautiana tumekwisha. Wangu uko sakafuni sebuleni, na nimepiga marufuku mtu kuukaribia. Dada yako anapita ameshikilia ukuta.

Na wewe ulisema bao la barua litatuchosha! Leo baada ya ibada watu walijaa hapa hadi uani. Elpidius mleta barua wetu hajafuta hata jasho la baiskeli, wanamdai barua. Nikisoma, wanakuzomea kana kwamba uko mbele yao. Wamelipenda sana shauri lako kwamba barua za bao zisomwe kwa sauti kila upande, watu wasikie. Jirani Gosbert amesema atakushika ndevu ukija.

Nasubiri kilio chako.

Shemeji yako mshindi,
Rweyemamu


Igurwa,
22 Machi 1987

Kwa shemeji Rweyemamu,

Salamu nyingi kwako na kwa dada. Mguu wa mke wangu umepona, jana alilima hadi jua likamfukuza. Posa ilikwendaje? Nilitamani kuja, mvua ikaharibu njia.

Barua yako niliisoma nje ya ghala la kahawa, watu wakacheka sana kwa huo ugonjwa wako. Dawa ninayo. Nimeanzia shimo langu la tano nyuma, nimezunguka mara mbili, kete ya mwisho imeangukia penye kete nyingine, nimekula mashimo yako mawili ya katikati. Cassian alinyanyua kiti juu. Kwetu Rwanda mzee aliyenifundisha kisoro, bao la kwetu, angeniita mwanangu leo.

Neno jingine la furaha. Kamati ya ushirika imenirudishia mizani ya kahawa kwa msimu huu pia. Ulikuwepo nilipofika hapa na mkeka kichwani, mtoto wa watu asiyejulikana. Leo mtu analeta kahawa yake, nasema uzito, anaondoka bila kutazama mshale. Sijui kama wewe uliyezaliwa hapo unaweza kuelewa ninavyojisikia. Mimi hupita pale ghalani hata siku isiyo ya kazi, nautazama mlango tu.

Cheza, nipo.

Shemeji yako,
Nsabimana


Ihembe,
5 Aprili 1987

Kwa Nsabimana,

Za siku. Sisi tunaendelea.

Huku kumechafuka. Nimecheza ulichoandika, kete moja baada ya nyingine, watu wameniinamia kichwani. Kete yako ya mwisho inaangukia shimo tupu. Tupu! Hukula kitu. Nimerudia, Gosbert amerudia, Fidele naye amerudia, ni vilevile. Basi kelele zikaanza. Mmoja anasema mchezo umeharibika, tuanze upya. Mwingine anasema hapana, Ihembe ilikuwa inashinda, tukianza upya tumeporwa. Kuna aliyemwaga pombe ya mwenzake, rubisi nzima, wakakamatana mashati. Elpidius ameambiwa huenda hongo imepita njiani, na mtu wa watu amekaribia kulia.

Kwa hiyo nasimamisha mchezo. Hakuna kucheza mpaka uhesabu kete zako mbele ya watu wa huko. Nadhani watakuta una moja ya ziada. Wamenicheka nyumbani kwangu mwenyewe, shemeji, na mimi sikuzoea. Watu wa Igurwa nawauliza: mkono unaochomeka kete kwenye ubao, ukishika mizani unafanya nini? Nyie wa kutoka ng'ambo ya mpaka mna vidole vyepesi.

Isome mbele ya watu, kama tulivyokubaliana.

Rweyemamu


Igurwa,
26 Aprili 1987

Kwa shemeji Rweyemamu,

Nawasalimu kwa Pasaka, na dada namsalimu mara mbili.

Nilisoma. Ningeweza kuruka mistari ya mwisho, maana barua ilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyekuwa anachungulia. Sikuruka. Mwanzoni walicheka, wakijua ndiyo maneno yenu mashemeji. Nilipofika kwenye mizani na vidole, wakaacha.

Kete nilizimwaga kwenye ungo, Cassian akahesabu kwa sauti. Zilitimia sitini na nne, hakuna ya ziada. Mbonimpa akasema aliyechomeka anaweza pia kuchomoa. Hakusema kwa ubaya, ndivyo nilivyojiambia.

Kahawa imeanza kuiva. Wiki hii watu walikuja na kahawa zao, nikasema uzito, nao wakainama kutazama mshale. Kisha mmoja akaomba apimiwe tena. Juzi kamati iliniita, wakanipa kiti na chai, wakaniomba kwa upole nipumzike hadi maneno yapoe. Mizani anashika kijana wa mwenyekiti. Mke wangu ameniuliza kama tuhame. Nimemwambia tuhamie wapi tena.

Ninachoomba ni kimoja. Hesabu na wewe.

Bado shemeji yako,
Nsabimana


Ihembe,
21 Juni 1987

Kwa shemeji yangu mpendwa Nsabimana,

Unaendeleaje? Mama Immaculata je? Nisamehe ukimya. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaiwashia moto jikoni.

Nimehesabu. Zangu ndizo pungufu. Siku ya posa nilitaka kutandika nyasi mpya sakafuni sebuleni, huwezi kupokea wageni wa binti juu ya nyasi kuukuu. Nikaunyanyua ubao mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimekataza wengine. Ukaniinamia mkononi. Nikasikia kitu kimeanguka, nikapapasa nyasini, nikapata kete moja, nikairudisha pale nilipodhani imetoka. Nyasi kuukuu zikatupwa migombani. Kumbe zilianguka mbili. Mukamusoni ameiona ya pili wiki hii akipalilia, akaja kuiweka kwenye sahani yangu ya chakula bila kusema neno. Hajasema neno hadi leo, na wewe unamjua dada yako anavyopenda kusema.

Kibaya zaidi nikuambie. Nilipokuandikia ile ya Aprili, nilikuwa nakumbuka kwamba ubao uliinama. Watu walikuwa wananicheka, nikaona bora wakucheke wewe. Sikujua kama ingefika kwenye mizani. Nilitaka neno zito tu la kuwafurahisha. Shemeji, naona aibu hata kumtazama Elpidius.

Naomba tumalize hivi: wewe umwage, mimi nimwage, tuanze mchezo mpya, ya zamani tuyafunike. Ila barua hii usiisome mbele ya watu. Deodatha bado hajaolewa, na wakwe ni watu wa maneno. Iwe yetu wawili.

Shemeji yako asiyestahili,
Rweyemamu


Igurwa,
5 Julai 1987

Kwa shemeji Rweyemamu,

Sisi ni wazima. Asante kwa kuuliza.

Umesema nisisome, sijasoma. Iko mfukoni. Jumapili watu waliniuliza Elpidius ameleta nini, nikasema ni salamu tu za nyumbani. Wakatazamana. Sasa wanajua kuna barua ninayoficha.

Nimekusamehe, hilo lisikukoseshe usingizi. Lakini fikiri. Matusi uliyaandika yapigiwe kelele, na ukweli umeuandika ukae mfukoni mwangu. Utanisaidia nini humo? Kila asubuhi napita ghalani na jembe begani, kijana wa mwenyekiti ananiamkia vizuri, nami namwitikia nikitazama chini. Sina kosa, lakini natazama chini. Hilo ndilo linaloniuma, hata kuliko mizani.

Mchezo sitaki kwa sasa. Msalimu Deodatha, mwambie mjomba anamwombea.

Shemeji yako,
Nsabimana


Ihembe,
13 Septemba 1987

Kwa shemeji yangu Nsabimana na watu wote wa Igurwa,

Nawasalimu kwa heshima, wakubwa kwa wadogo, na kuwatakia mavuno mema.

Mimi ni Rweyemamu wa Ihembe. Kete iliyopotea ilipotea kwangu, kwa mkono wangu, nami nilijua ubao wangu umeguswa nilipomwita shemeji mwizi. Sikumshuku. Nilikuwa nimekasirika kwa kuchekwa. Maneno niliyoyasema juu ya mizani na juu ya mahali alikotoka ni uongo na ni ya kunidhalilisha mimi. Nyumbani kwangu wamekunywa maji mikononi mwake tangu akiwa kijana, na mke wangu ametoka kwake. Naomba mumrudishie mizani.

Barua hii nimeisoma hapa Ihembe leo baada ya ibada. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Deodatha alikuwepo na wakwe zake.

Shemeji, isome mbele ya watu.

Shemeji yako,
Rweyemamu


Igurwa,
27 Septemba 1987

Kwa shemeji yangu Rweyemamu,

Amani kwenu. Nimefurahi kusikia wakwe hawakuvunja posa, Elpidius amenieleza, na kwamba dada ameanza kuongea. Vumilia, ana miezi mitatu ya kufidia.

Barua yako nimeisoma, nje ya ghala, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Tulikuwa mimi, mke wangu na Elpidius. Tangu mchezo usimame watu hawaji tena Jumapili, na msimu umekwisha, ghala limefungwa. Nilisoma hadi mwisho hata hivyo. Mke wangu alipiga makofi peke yake, kisha akaona haya akaacha.

Nimeona jinsi ulivyojivua nguo mbele ya watu wa kwenu, na nakuheshimu. Ila huku bado wanayo ile ya Aprili. Nikiwapelekea mimi karatasi hii mlango kwa mlango, watasema nimejiandikia.

Kwa hiyo njoo, shemeji. Utalala kwetu, utakula vizuri. Asubuhi nitakupeleka kwa Mbonimpa, kwa Cassian, kwa mwenyekiti, na kwa kila aliyeleta kahawa. Mlango nitakuonyesha. Utabisha hodi wewe, utaingia wewe, mimi nitakusubiri njiani.

Shemeji yako,
Nsabimana