Taa ya Samaki wa Wifi Dorothea

S.L.P. 1187,
Miyuji, Dodoma.
17 Juni 2025

Mpendwa Kaka Nikodemo,

Shikamoo kaka, na mbukwa yetu ya Kigogo juu yake, usije ukasahau kwenu huko kwenye mikorosho ya Newala. Hujambo? Na mwanao Loisi hajambo? Kile kikohozi chake kimepona, au bado anakificha asinyweshwe dawa? Sisi huku wazima. Baridi na upepo wa Juni vimeshaingia, midomo imetupasuka wote, na Mama kule Ihumwa hatoki nje mpaka saa nne. Magoti yanamsumbua kidogo, ila ulimi ni uleule, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimempa jirani yetu Emiliana akuletee kwa sababu anakuja huko kwenye harusi, na kwa sababu haya ninayoandika nimejaribu mara tatu kuyasema kwenye simu nikaishia kukuuliza bei ya korosho.

Kaka, nimekudanganya. Tangu Machi, kila Jumapili ukipiga na kuuliza kama samaki wanakula, nimekuwa nikikujibu kwamba wanakula. Hawakuwa wanakula. Najua si samaki tu unaowaulizia. Wale wifi Dorothea aliwalea kwa mkono wake mpaka wiki aliyolazwa asirudi tena, na siku ulipohama na kuniachia lile tangi la kioo hukusema mengi. Ulisema, "Hilda, hawa wasife," ukapanda gari. Nimelala na kuamka na maneno hayo.

Ilianzia kwenye taa. Ile ya zamani iliungua mwishoni mwa Februari, nikaenda mjini nikanunua nyingine ya LED, ya bei rahisi, nyembamba, na rimoti yake. Kwenye boksi wameandika mwanga unapunguzwa hatua kumi. Nikarudi nyumbani najiona mjanja. Kumbe hatua zenyewe ni za kwenye boksi tu. Kuanzia kumi kushuka mpaka nne macho hayaoni tofauti yoyote, ya tatu unapungua kiduchu, ya pili taa inaanza kuchezacheza, na ukibonyeza ya kwanza inazima kabisa. Tena umeme ukikatika ukarudi, inasahau yote na kuwaka kwa nguvu zake zote.

Mimi sikuilaumu taa, nililaumu maji. Unayajua maji ya kisima chetu yalivyo na chumvi. Samaki walipojificha nyuma ya jiwe na kioo kikaota utando wa kijani, nikasema ni chumvi hiyo. Nikamtuma Abeli akalete madumu ya maji ya bomba kwa dada yake kila Jumamosi mpaka mume wangu huyo akaanza kuniuliza kama nimeolewa na yeye au na samaki. Tukabadilisha maji, tukasugua kioo, baada ya siku nne kijani hicho tena.

Halafu nikafanya ujinga mwenyewe. Fundi Castory alikuja kututengenezea pangaboi la sebuleni, nikaiona ile swichi yake ya kuzungusha, ya kuongeza na kupunguza upepo. Nikamwambia aiunganishe na taa ya samaki. Alisita, nikamsisitiza, unanijua nikishaamua. Taa ikapepesa kama macho ya mlevi, adapta ikaunguruma, pakanuka plastiki. Tukachomoa haraka. Castory akaniambia taa za bei hii zimeumbwa kuwaka na kuzima, hayo mengine ni maneno ya kuuzia, na ukiibana umeme kwa nje unaiua. Niliona aibu, maana ndicho alichotaka kusema tangu mwanzo.

Wiki ile yule mdogo mweusi alikufa. Nisamehe, kaka. Nilimfukia chini ya waridi lililokuwa la wifi. Na Bi Harusi, yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mkia mrefu, alikuwa amelala chini ubavu, anahema. Nililia jikoni peke yangu, nikajua Jumapili utapiga.

Aliyetuokoa ni shemeji Yoramu, kaka yake Abeli, yule anayetunza miche ya zabibu kule Makutupora. Alipitia kutuletea zabibu, akasimama mbele ya tangi akiwa amekunja uso. Akauliza kwa nini tumewaanika. Nikamweleza habari ya rimoti na hatua kumi. Akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Shemeji, jua la Dodoma nani amewahi kulipunguza? Sisi miche tunaifunikia."

Kesho yake akaleta kipande cha wavu mweusi wa kitalu. Tukaiinua taa juu ya matofali mawili ili isikae karibu na maji, tukatandika wavu chini yake, mikunjo miwili, mwanga ukawa kama wa asubuhi. Na badala ya kuiwasha kutwa nzima, Castory aliniwekea soketi ya saa, inawaka saa sita tu kwa siku na kuzima yenyewe. Umeme ukirudi na taa ikawaka kwa kiburi chake, wavu upo palepale.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Utando umekwisha. Juzi nilichukua kijiko nikagonga ukingo wa tangi mara mbili, kama alivyokuwa akigonga wifi. Sijui kwa nini sikuwahi kujaribu kabla, labda niliogopa. Bi Harusi akatoka nyuma ya jiwe, akaja juu, akala chakula chote nilichomwekea, cha kwanza na cha pili. Nilikaa chini sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mama anakusalimu, anasema ule. Abeli anakusalimu, na shemeji Yoramu pia. Mbusu Loisi kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote wawili, popote jua linapowazidi.

Jumapili ukipiga uniulize kama kawaida yako. Nitakuwa nimekaa mbele ya tangi, nitaweka simu karibu na kioo, nitagonga kijiko mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyekudanganya tena,
Hilda